Upepo wa Mgongoni

Kilian Ndunguru hakujibu salamu kabla ya kupima upepo. Ulimwambia habari za asubuhi, naye akalowesha kidole cha shahada kwa mate, akakiinua juu ya kofia na kusubiri ajue upande gani umepoa kwanza. Ndipo aliposema, "Nzuri," na kukutazama. Nilipofika Mbinga mwezi wa Novemba 1998, nikitafuta usafiri wa kuniteremsha hadi Mbamba Bay nikapande meli, nilidhani huo ni mzaha wa fundi. Watu wa nyuma ya soko hawakucheka. Walisimama wakangoja kidole kishuke.

Karakana yake ilikuwa bati nne juu ya nguzo, na mibuni michache nyuma yake. Katikati ilisimama pikipiki ambayo sijaona nyingine kama ile, nami nimepanda vyombo vya magurudumu matatu katika miji mingi yenye joto na vumbi kuliko Mbinga. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, ya kizungu, iliyokatwa nyuma na kuongezwa ekseli yenye magurudumu mawili, na juu ya ekseli benchi la kukalia watu wawili. Mtalii mmoja mzee aliyetoka nayo kusini alikuwa ameugua mwaka 1991, akarudi kwao kwa ndege, akamwachia Kilian pikipiki pamoja na karatasi yenye sahihi. Watu waliiita Mafiga, kwa sababu ina miguu mitatu na moto katikati.

Moto ndio uliokuwa tatizo lake. Injini ile ilipozwa kwa maji, na rejeta yake, ya kupozea maji hayo, ilikuwa imetobolewa na mawe. Feni ilikuwa imeungua. Miaka hiyo wanunuzi wa kahawa walikuja na magari yao, kila mwezi jina jipya limeandikwa mlangoni, na maduka ya Mbinga yalijaa redio, mitumba na biskuti za kutoka ng'ambo ya bahari. Soko huria lilileta kila kitu isipokuwa feni ya pikipiki ile.

"Fundi, Mafiga yako imevaa suruali nyuma mbele," alisema Raimundi, aliyekuwa na duka la spea ng'ambo ya njia. Alikuwa akimtania kwa sababu ya rejeta. Kilian alikuwa ameitoa mbele, mahali ambapo pikipiki zote huiweka, akaweka nyingine ya pikapu nyuma kabisa, chini ya mgongo wa benchi, ikitazama ilikotoka njia.

"Na duka lako limevaa shati lisilo na vifungo," Kilian alijibu bila kuinua kichwa. "Miaka mitano nakuomba feni."

"Imeagizwa."

"Inakuja kwa miguu?"

Nilimuuliza kwa nini nyuma. Alipangusa mikono, akanieleza taratibu kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi. Kutoka ziwani kuja Mbinga njia inapanda. Mchana upepo hutoka ziwani na kupanda pamoja nawe. Ukiwa na mzigo, unakwenda pole, gia ya kwanza, na upepo nao unakwenda mwendo ule ule. "Ni kama kutembea na mtu mnayelingana hatua," alisema. "Yupo, lakini hakupiti. Rejeta ya mbele haipati kitu. Unausikia upepo shingoni, mzuri, wa baridi, na injini inachemka."

Kwa hiyo alikuwa ameupa upepo wa ziwani mahali pa kuingilia. Mipira mirefu ya maji ilipita chini ya benchi hadi nyuma. Mwanzoni hewa ilikuwa ikinasa ndani yake, hadi alipochomelea kopo la maziwa ya unga juu ya rejeta, liwe mahali pa juu kuliko pote, hewa ipande ikatokee hapo. Mipira aliifunga kwa vipande vya gunia la kahawa isiunguze miguu ya abiria. Mwezi wa Juni, kwa baridi ya milimani Umatengo, kina mama waliokwenda kliniki na watoto waligombea benchi lile.

"Na pembeni je?" niliuliza.

"Pembeni kuna mlima."

Juu ya benchi palikuwa na gunia la mahindi, limefungwa kwa kamba wima kama mtu aliyekaa, na limefunikwa kanga. Nikataka kulisogeza nikae nijaribu. Raimundi akanishika mkono.

"Hilo usiliguse."

Kilian alikuwa ameshaingia ndani kutafuta spana. Raimundi alinieleza kwa sauti ya chini. Gunia lile lilipimwa kwenye mizani ya kahawa. Lilikuwa na uzito wa Bonifasia, mke wa Kilian, siku aliyokufa akiwa na mimba ya miezi tisa. Alikuwa binti wa Mama Ida wa kule ufukweni, na alikuwa ameteremka kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, ilivyo desturi. Uchungu ukamshika siku mbili, mtoto akakataa kutoka, na Kilian akateremka na Mafiga kumfuata amlete hospitali. Mafiga ikachemka kwenye kona yenye jiwe jeupe, nusu ya mlima. Walikaa pale. Ilipopoa, hapakuwa na haja ya kuendelea.

"Tangu hapo anapandisha gunia," Raimundi alisema. "Kila wiki miaka minne. Mtu hajampandisha. Hapa mjini atambeba hata askofu, lakini mlima ule ni gunia tu. Na nyumbani kwake chai inachemshwa kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Kifuniko kikipiga mluzi anatoka nje."

*

Jioni ile ile lori la samaki liliingia kutoka Mbamba Bay, na juu ya magunia ya usipa, dagaa wa ziwani, aliketi Cuthbert, mtoto wa Mama Ida. Aliruka chini, akaja moja kwa moja karakana, nguo zikinuka samaki.

"Shemeji."

Kidole kilipanda, kikashuka. "Shemeji. Habari za huko?"

"Si nzuri. Mama ana ngiri, imekaba. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Mganga wa zahanati anasema afike Mbinga akapasuliwe, na si kesho kutwa. Kesho."

"Lori linarudi lini?"

"Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano. Kilian alitazama Mafiga, na gunia, na mimi.

"Mwenye pikapu yule wa kahawa?" alisema.

"Nimemuulizia njiani. Amekwenda Litumbandyosi. Shemeji, hata angekuwepo. Mama amesema atapandishwa na wewe, au afie kwake."

"Amesema hivyo?"

"Amesema, 'Mwambieni mkwe wangu anifuate.' Basi."

Kilian aliingia ndani akakaa muda. Alipotoka alifungua kamba za gunia. Alilishusha kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye nguzo na kulirekebishia kanga. Kisha akaniuliza uzito wangu. Nilipomtajia, alifikiri kidogo, akasema nitateremka naye, na kama meli haijafika ningerudi naye kumshikilia mgonjwa, maana yeye asingeweza. Cuthbert angebaki kupanga mambo hospitalini. Watu wanne Mafiga isingewapandisha.

Tuliteremka alfajiri. Kwenye kona yenye jiwe jeupe hakupunguza mwendo wala hakutazama. Chini kidogo ya kona, bila mimi kumuuliza, alianza kusema, na upepo ukanirushia maneno nyuma nilikokaa.

Siku ile, alisema, nyuma yake walikaa Bonifasia na Mama Ida. Mshale wa joto ulifika mwisho, kifuniko cha rejeta kikaanza kupiga mluzi, akasimama. Injini aliiacha ikinguruma polepole ili pampu izungushe maji. Upepo ulikuwepo, mwingi, kanga zilikuwa zikipiga kama bendera. Lakini ulitoka nyuma, ukapita kwenye watu na kwenye injini ya moto kabla ya kuifikia rejeta. Akaelewa pale pale. Angeigeuza pikipiki ielekee ziwani, upepo ungeingia mbele sawasawa.

"Nikasema, naomba tuigeuze kidogo. Mama akasema, 'Mgonjwa hageuzwi uso.'"

Jambo lile nilikuwa nimelisikia kwa watu wa ufukweni, na kwa watu wengine mbali na pale, kila mmoja akidhani ni la kwao peke yao. Mgonjwa akishaagwa na kutoka nyumbani, hageuzwi akatazama alikotoka. Ukimgeuza, umeliomba kaburi lake.

"Ukanyamaza?"

"Ni mama mkwe wangu," Kilian alisema. Alitamka hivyo kama mtu anayetaja uzito wa jiwe. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hambishii. "Nikanyamaza. Nikazima injini tukangoja ipoe yenyewe. Saa moja na robo."

*

Meli haikuwa imefika, na hakuna aliyejua itafika lini.

Nyumba ya Mama Ida ilikuwa hatua chache kutoka majini, usipa wameanikwa kwenye vichanja mbele yake. Kilian alichuchumaa nyuma ya ukuta wa jiko, macho chini, akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe." Sauti ilitoka ndani, nyembamba. "Umekuja na nani?"

"Na mgeni."

"Mgeni anajua kushika mtu?"

"Nitajifunza, Mama," nilisema.

"Ujifunzie kwangu, basi. Mimi sivunjiki tena."

Recho, mke wa Cuthbert, na mimi ndio tuliomnyanyua. Alikuwa mwepesi sana, isipokuwa tumbo. Tulimkalisha kwenye benchi, mto nyuma, nami pembeni nimemzungushia mkono. Kilian alisubiri amegeuka hadi tulipomwambia tayari. Recho alimfunika mama shuka, akamuaga. Baada ya hapo hakuna aliyemwita jina tena, asije akageuka.

Tulianza kupanda karibu saa sita. Upepo wa ziwani ulikuwa umeamka, ukaingia nyuma yetu, ukapita kwenye rejeta kama alivyopanga. Mshale ulisimama katikati ukatulia. Benchi lilikuwa la uvuguvugu chini yetu. Kila baada ya muda Kilian alikiinua kidole, akakishusha. Nilianza kuiamini kazi ya mtu yule, miaka minne ya gunia na kopo la maziwa. Mama Ida alifumba macho. Nilihisi maumivu yakimjia kwa namna alivyoshika kidole gumba changu, na yakimwachia.

Kisha milima ya mbele ikawa nyeusi. Mvua ilikuwa ikijikusanya Umatengo, na kabla ya mvua, upepo wake ukashuka. Ulitupiga usoni. Baada ya joto lile nilifurahi, nikafungua kola. Lakini mgongo wa Kilian ulikakamaa. Kidole kilipanda, kikakaa juu muda mrefu. Upepo ulikuwa mbele sasa, na rejeta ilikuwa nyuma, imejificha kwenye kivuli cha benchi na cha miili yetu.

Mshale ukaanza kusogea. Alijaribu gia, akajaribu kupumzisha. Tulipita mtu aliyebeba jembe, na mbuzi watatu. Nilikuwa nikiomba tufike mahali popote isipokuwa pale. Mluzi ulianza nyuma ya mgongo wangu, mwembamba kwanza, kama mtu anayejifunza kupiga mluzi, kisha ukakaza. Kilian akasimamisha. Upande wa kulia, chini ya ukuta wa mlima, palikuwa na jiwe jeupe.

Injini aliiacha ikinguruma. Hakushuka. Mikono ilibaki kwenye usukani.

Nilichukua dumu la maji.

"Usimwagie," alisema. "Maji ya baridi juu ya moto huo, injini itapasuka."

"Basi tuigeuze. Upepo uko mbele. Tukielekea ziwani utaingia nyuma."

Aliutazama mshale wa joto.

"Fundi. Umenieleza mwenyewe."

"Mama yupo," aliuambia usukani.

Mluzi uliendelea. Tone moja la mvua lilianguka juu ya tangi likakauka hapo hapo. Nilimtazama Mama Ida. Alikuwa amefumbua macho. Alisema kwa Kinyasa, nami nikapata nusu kwa msaada wa Kinyanja nilichookota ng'ambo ya ziwa; nusu nyingine Kilian alinieleza baadaye.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Mama."

"Wakati ule sikuona jiwe."

"Lilikuwepo."

Maumivu yalikuja, akanishika kidole, yakapita.

"Bonifasia alikuwa anatazama wapi?"

"Mlimani, Mama."

"Ulitaka kumgeuza."

"Nilitaka."

"Nikakukataza."

Mluzi ulikuwa umepanda sana, mtu angeweza kudhani kuna mwanamke anayelia mbali.

"Nigeuze mimi," alisema Mama Ida.

Kilian aligeuka, akamtazama usoni. Sidhani aliwahi kufanya hivyo tangu alipooa. Alimtazama hadi mama yule akachoka.

"Utanitazama hospitali," alisema. "Sasa geuza pikipiki."

Mafiga haikuwa na gia ya kurudi nyuma, na njia ilikuwa nyembamba. Nilishuka nikasukuma, Kilian akakata usukani, tukasogeza mbele, tukavuta nyuma, mara tano, gurudumu moja likikaribia ukingo. Mama Ida alishika chuma cha benchi kwa mikono yote miwili. Tulipomaliza, upepo wa mvua ulikuwa nyuma ya pikipiki, ukiingia kwenye rejeta, na mbele ya macho yake lilikuwa ziwa lote. Upande wa Malawi ulikuwa umefunikwa na wingu. Chini kabisa, mstari wa mchanga, na vibanda vilivyoonekana kama punje.

Kilian alitazama saa yake ya mkononi. Nilidhani anahesabu muda wa mgonjwa.

Mluzi ulishuka. Ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Mshale uliondoka mwisho, ukarudi polepole hadi katikati. Mama Ida alitazama chini kwa makini, kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Angepaona kwao," alisema.

Kilian alitazama saa tena. Uso wake, uliopaswa kufunguka, ulifungwa. Alibaki akitazama saa hata baada ya mimi kumwambia joto limeshuka.

Tuliigeuza tena, tukapanda. Mvua ilitukuta juu, na ikatusaidia; iliipoza Mafiga hadi mjini. Cuthbert alikuwa langoni mwa hospitali na machela.

*

Mama Ida alipasuliwa jioni hiyo. Asubuhi alikuwa akilalamika kwamba uji wa hospitali hauna chumvi, na daktari alisema huyo atapona. Kilian nilimkuta ameketi barazani, kofia mapajani. Nilimpongeza. Nilimwambia amemwokoa.

"Dakika kumi na mbili," alisema.

Sikuelewa mara moja.

"Kumi na mbili, na maji yaliyochemka kabisa. Nilihesabu." Aligeuza kofia, akaitazama ndani. "Gunia lile nimelipandisha asubuhi, nimelipandisha mchana. Nimejaribu rejeta juu, nimejaribu chini. Nimebadilisha mipira. Jambo moja sikulijaribu hata siku moja. Sikuligeuza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naomba isiwe kweli kwamba kugeuza tu kungetosha."

Upepo ulipita barazani, ukatikisa mapazia ya wodi. Kidole chake hakikuinuka.

Jumamosi niliteremka na lori la samaki. Mtu alikuwa ameleta habari kwamba meli imeonekana Liuli. Ilikuwa mchana, anga safi, na upepo wa ziwani ulikuwa ukipanda mlima kama kawaida yake. Tulipokaribia kona yenye jiwe jeupe, dereva alipunguza mwendo, kisha akasogea ukingoni tukapita taratibu.

Mafiga ilikuwa pale, imeegeshwa chini ya ukuta wa mlima. Nyuma, rejeta haikuwepo. Ilikuwa imefungwa mbele, nyuma ya gurudumu la mbele, mahali ilipokuwa ile ya zamani siku ya Bonifasia, na pikipiki yote imeelekezwa ziwani. Injini ilikuwa ikinguruma polepole. Kwenye benchi lilikaa gunia, wima, kanga ikipepea, na Kilian pembeni yake amelizungushia mkono begani, saa yake ameivua ameiweka gotini.

Dereva hakupiga honi. Nilisikiliza hadi tulipokata kona, na sikusikia mluzi.